Pale Aliposimama Mpiga Picha: Safari ya Postikadi za Maruhubi

Jumatatu: Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi, Unguja

Boti imejaa, lakini nimepata nafasi nje, ubavu wa kulia, ambako Unguja huchomoza kwanza. Mkobani nina albamu moja tu. Postikadi za Bagamoyo, Mombasa na Dar nimeziacha nyumbani. Nilizobeba ni za mahali pamoja, Kasri la Maruhubi, kila moja ndani ya kifuko cha plastiki ngumu isiyo na harufu. Plastiki laini inayonuka ni adui wa karatasi: ikikaa na kadi kwa miaka hugandana na wino, na siku ukiivuta inabanduka pamoja na picha.

Kwa asiyelijua, kasri hili lilijengwa na Sultani Barghash bin Said kati ya mwaka 1880 na 1882, kando ya bahari kaskazini mwa Mji Mkongwe, makazi ya masuria wake. Barghash alifariki mwaka 1888, na mwaka 1899 kasri likaungua. Ghorofa ya juu na roshani zake zilikuwa za mbao, kwa hiyo moto ulichukua kila kilichokuwa juu, ukaacha nguzo za mawe na chokaa zimesimama bila cha kubeba.

Tarehe hizo zina uzito kwa mkusanyaji. Kadi ya posta ya kwanza duniani ilitolewa Austria tarehe 1 Oktoba 1869, nayo haikuwa na picha. Kadi zenye picha zilipamba moto mwishoni mwa miaka ya 1890, zikaendelea hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Maana yake ni kwamba Maruhubi ilikuwa imeshakuwa gofu wakati watu walipoanza kununua kadi kwa maelfu. Ninazozifahamu zote ni picha za magofu. Swali lililonipandisha boti ni hili: magofu ya lini? Nguzo zilianguka kidogo kidogo, na kila kadi imekamata hatua moja ya kuanguka huko. Nataka kuzipanga kwa mfuatano, na naamini haiwezekani kuzipanga ukiwa mezani. Lazima usimame pale alipokuwa amesimama mpiga picha.

Boti ilipozunguka Shangani nikatazama ufukwe wa mji kwa wivu kidogo, maana kadi za ufukwe huo ni rahisi mno kuzisoma. Ukiona mnara wa saa umesimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Sultani linaloitwa Nyumba ya Maajabu, picha ilipigwa kabla ya tarehe 27 Agosti 1896. Asubuhi ile manowari za Waingereza zilimimina mizinga kwenye kasri la Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti cha Sultani, kwa muda usiofika dakika 40. Beit al-Hukm, kasri la jirani, ikabomoka, mnara ukaharibika, na baadaye ukajengwa mwingine ulioshikamana na uso wa Beit al-Ajaib yenyewe. Ukiona milingoti imechomoza majini bila meli, hiyo ni Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa siku hiyo hiyo. Ilibaki pale hadi mwaka 1912. Ukiona reli karibu na Ngome Kongwe, umefika 1905 au baada yake, kwa sababu ndipo lilipoanza gari la moshi la kwenda Bububu, kaskazini mwa mji. Ukiona bustani ya Forodhani, umeingia 1936, mwaka wa jubilei ya fedha ya Sultani Khalifa bin Harub. Mfululizo mzima wa miaka uko kwenye mstari mmoja wa pwani.

Maruhubi haina bahati hiyo. Ina nguzo, miti na mchanga, basi.

Beit al-Ajaib leo imezungukwa na vyuma vya ukarabati. Sehemu kubwa ya mbele iliporomoka Desemba 2020, na mpaka sasa nikiipita moyo hunipiga. Nina kadi nyingi za jengo lile na sikuwahi kudhani kwamba nitaishi kuziona zikigeuka kumbukumbu.

Jumanne: Mji Mkongwe

Siku ya maduka. Nimezunguka Shangani, Mtaa wa Gizenga na Barabara ya Kenyatta, nikaingia kila mlango wenye shaba, masanduku na saa za ukutani. Postikadi zipo, ila nyingi ni nakala za juzi. Nakala si dhambi. Mtu anayetaka picha ya kubandika ukutani anunue kwa raha. Tatizo ni pale inapouzwa kwa jina la kitu cha zamani, na namna ya kuitambua si ngumu.

Kwanza, nabeba kitochi cha mwanga wa urujuani, vile vidogo wanavyokagulia noti. Karatasi nyingi zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1950 zimetiwa dawa ya kung'arisha, na mbele ya mwanga ule huwaka buluu. Karatasi ya mwaka 1905 hubaki imepooza. Pili, kioo cha kukuzia. Nakala ya siku hizi imejaa nukta za rangi zilizopangwa safu kwa safu. Kadi nzuri za zamani zilichapwa kwa kolotaipu, njia ya bamba la kioo lililopakwa jelatini, na chini ya kioo cha kukuzia huoni safu za nukta bali chembechembe zilizojikunja bila mpangilio. Picha halisi iliyooshwa kwenye karatasi ya picha haina nukta wala chembe, na mara nyingi sehemu zake nyeusi zimeanza kung'aa kama fedha pembezoni. Tatu, ugeuze. Siku zote ugeuze! Uso wa kadi unasema inachotaka, mgongo unasema ilikopita.

Mgongo usio na mstari wa katikati ni wa zamani zaidi: upande ule ulikuwa wa anwani pekee, na aliyetaka kusalimia aliandika mbele, pembeni mwa picha au juu yake. Waingereza waliruhusu mgongo uliogawanywa mwaka 1902, Wajerumani 1905, Wamarekani 1907. Ujerumani ndiyo ya kuangalia zaidi, kwa sababu kadi nyingi za pwani yetu zilichapwa huko. Wapiga picha walikuwa hapa hapa. Wengi walikuwa Wagoa, watu wa asili ya Goa huko India, kina A. C. Gomes na Coutinho, wenye studio zao mjini. Picha zilisafirishwa Ulaya kuchapwa, zikarudi kama mabunda ya kadi, zikauziwa abiria walioshuka melini kwa saa chache, nao wakazituma Ulaya tena.

Ndiyo maana kadi za Zanzibar hazipatikani kwa wingi Zanzibar. Ziliandikwa hapa ili ziondoke.

Duka la mwisho lilikuwa la mzee mmoja, kanzu na kofia ya viua, ameketi barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Watafuta nini?"

Nikamwambia. Akanitazama, akatabasamu. "Watu wote wataka Beit al-Ajaib. Wewe wataka maganjo ya Maruhubi." Akaingia ndani, akarudi mikono mitupu. "Mpwa wangu yuko Ulaya, hunitafutia huko minadani. Zipo nyumbani, si hapa. Njoo Ijumaa, baada ya sala."

Nikapita pia mbele ya Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Kina Gomes na Coutinho ni wa enzi iliyotangulia, lakini nikisimama kwenye kioo kile na kuziona picha nyeusi na nyeupe za mji, huona uzi mmoja haujakatika: watu waliokaa hapa, waliolijua jua la hapa, wakaupiga picha mji wao.

Jumatano: Maruhubi, maji yakikupwa

Nimepanda daladala la Bububu, namba 502, kutoka Darajani. Kasri liko kushoto mwa barabara, kama kilomita 4 kutoka mjini. Nilifika mapema, jua likiwa bado nyuma ya miembe.

Nieleze kadi zangu kwanza, ndipo siku hii ieleweke. Nazipa herufi.

Kadi A ni ya kolotaipu, nyeusi na nyeupe, mgongo haujagawanywa, haikutumwa. Safu ya nguzo inaonekana kutoka upande wa bahari, mchanga mbele umelowa na una vidimbwi, na kwenye nguzo moja amesimama mwanamume wa kanzu, mkono ameuegemeza kwenye jiwe. Kadi B ina rangi, mgongo umegawanywa, stempu ni ya senti yenye sura ya Sultani Ali bin Hamud, muhuri wa posta ni wa 1911. Kadi C ni kolotaipu nyingine, mgongo haujagawanywa, picha imepigwa kwa ubavu, nguzo zinakimbilia mbali na bahari iko mkono wa kushoto. Kadi D ni picha halisi iliyooshwa, ina stempu ya Khalifa bin Harub aliyeshika kiti mwaka 1911 na kuanza kuonekana kwenye stempu mwaka 1913. Mti umeota juu ya nguzo na mizizi imeteremka.

Nilianza na A. Nikatembea kutoka kwenye nguzo kuelekea majini, nikirudi kinyumenyume na kadi mkononi, hadi nafasi kati ya nguzo zilipolingana na za kwenye picha. Ukipiga hatua kushoto, nguzo ya nyuma inajificha. Ukipiga kulia, inatoka mno. Kuna mahali pamoja tu ambapo zinakaa sawa. Nikaendelea kurudi nyuma, na mchanga ukaanza kulainika. Nilipopapata palikuwa chini kabisa ya alama ya maji ya jana, mahali ambapo saa chache baadaye pangenifunika.

Hapo pembeni kulikuwa na mafundi wakikarabati mashua, ufukwe huu ukiwa bado karakana yao. Mmoja wao, mtu mzima, alikuwa akinitazama muda mrefu.

"Fundi, habari za kazi?"

"Njema, ndugu yangu. Wapima kiwanja?"

Nikamwonyesha kadi. Akafuta mikono kwenye shuka, akaishika kwa ncha za vidole kama mtu anayejua thamani ya kitu chembamba. Hakuangalia nguzo kwanza. Aliangalia vidimbwi.

"Hii bamvua," akasema. "Maji yamekwenda mbali. Na bamvua hapa maji hukupwa saa nne. Saa nne asubuhi au saa nne usiku, na usiku hakupiga picha."

Akaonyesha vivuli. Kwenye kadi vivuli vya nguzo vinakuja mbele, kuelekea bahari, na upande wa nguzo unaotutazama una giza. Pwani hii inatazama magharibi. Vivuli vikienda baharini, jua liko mashariki, ni asubuhi. Maji na jua vikakubaliana. Nikatazama saa yangu: ilikuwa inakaribia saa nne, mwezi uliandama juzi, na vivuli kwenye mchanga mbele yetu vilikuwa vinalala vile vile.

Sina maneno ya kuieleza furaha ile. Miaka 120 na ushei, na saa yake naijua.

Kuna jambo jingine linalotokana na hapo. Tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye bamvua za Unguja hukaribia mita 4. Abiria aliyeshuka melini kwa matembezi ya mchana hawezi kubahatisha siku na saa ya kusimama pale na kamera ya miguu mitatu na mabamba ya kioo. Huyu alikuwa mtu anayeishi na maji haya, au aliyemuuliza anayeishi nayo. Kadi A haina jina la studio, lakini kwangu mimi ni kazi ya mwenyeji.

Kisha nikazilaza A na B pamoja juu ya ubao wa fundi. Nilishawahi kuziona zinafanana. Leo, nikiwa na nguzo zenyewe mbele yangu, nilizihesabia nyufa. Ni picha ile ile. Vidimbwi vile vile, vivuli vile vile, ufa ule ule kwenye nguzo ya pili. Aliyeitia rangi huko Ulaya hakuwahi kufika hapa: nguzo amezipaka wekundu wa matofali, ilhali ni mawe ya matumbawe na chokaa iliyopauka, na mbingu ameijaza mawingu ya waridi ya magharibi juu ya vivuli vya asubuhi. Hayo naweza kuyasamehe. Lakini yule mtu wa kanzu hayupo. Mahali pake pana kichaka. Ukikuza utaona bado ncha ya kanzu chini ya majani.

Huyu alisimama jua likimpiga, akatulia kwa sekunde zote alizoambiwa atulie, ili wengine wajue nguzo ni ndefu kiasi gani. Mtu mmoja kwenye meza ya mbali akaona picha ni nzuri zaidi bila yeye. Iliyotumwa, iliyosafiri, iliyowekwa kwenye albamu za watu, ni ile isiyokuwa na yeye. Fundi aliitazama B muda mrefu kuliko A. "Wamemfuta," akasema, na akarudi kwenye mashua yake.

Mchana niliumalizia ndani ya magofu. Hamamu, yaani bafu la kasri, lipo, ingawa marumaru zake ziliibwa zamani. Mabaki ya mfereji wa maji yapo, na birika zilizomea majani. Husimuliwa kwamba ukuta mkubwa wa shamba na miembe yake Barghash aliutamani baada ya kuona bustani za Uingereza, alikokwenda mwaka 1875. Mimi hupenda zaidi kuutazama ufundi wa nguzo: mawe madogo, chokaa, plasta, hakuna chuma, na bado zimebeba uzito wa jua, chumvi na mizizi kwa muda mrefu kuliko zilivyobeba kasri.

Kadi C ilinikatalia. Nilitembea huku na huku, sikupata mahali ambapo nguzo zinakaa kama ilivyo kwenye picha.

Alhamisi: Kilimani

Nyaraka za Taifa. Nilijaza fomu, nikaacha mkoba, nikaingia na penseli na daftari. Nilitaka kuona picha zenye tarehe, niyazoeshe macho yangu namna karatasi na uchapaji zilivyobadilika mwaka kwa mwaka. Siku ya kimya na ya kazi. Nimetoka na kurasa za vipimo: kadi ya kawaida ya wakati ule ni sentimita 14 kwa 9, na iliyopungua kidogo mara nyingi imekatwa na mtu, pengine ili itoshee kwenye albamu, pengine kuondoa kona iliyochanika.

Jioni nilikaa Forodhani na Kadi C na kioo cha kukuzia hadi mwanga ukaisha. Mbali kabisa kwenye picha, juu ya mstari wa bahari, kuna doa jembamba lililosimama. Siku zote nililihesabu kuwa mlingoti. Lakini mlingoti hauna mabega.

Ijumaa: kadi ya Wafaransa

Mji ulikuwa umetulia hadi sala ikaisha. Mzee alinikuta barazani kwake.

"Umekuja. Nilidhani umesharudi bara."

"Ningeondokaje, mzee, nawe umeniahidi?"

Akafungua bahasha. Kadi chache, nyingi za bandari. Ya nne kutoka juu ilikuwa Kadi A. Picha ile ile, uchapaji ule ule, mtu wa kanzu yupo. Nikaigeuza, na nadhani mikono yangu ilionekana ikitetemeka, kwa sababu mzee alinisogezea kiti.

Stempu ilikuwa ya Ufaransa, imepigwa chapa ya jina la Zanzibar. Wafaransa walikuwa na posta yao hapa kuanzia mwaka 1889, wakaifunga mwaka 1904. Posta ya Wajerumani haikumaliza hata mwaka: ilifunguliwa Agosti 1890, ikafungwa Julai 1891. Posta ya Kihindi ya Waingereza ikakabidhi kazi kwa posta ya Zanzibar yenyewe Novemba 1895. Mtu akijua historia hiyo ya posta, stempu humpa tarehe hata muhuri ukiwa umefifia. Huu haukuwa umefifia sana: 1903.

Basi hapo kuna mipaka miwili. Kasri liliungua 1899. Kadi ilitumwa 1903. Picha ya saa nne asubuhi ilipigwa katikati ya hapo. Na ile B yenye muhuri wa 1911, ambayo muuzaji yeyote angeiuza kama Maruhubi ya 1911, inaonyesha Maruhubi ya miaka minane nyuma, au zaidi. Kadi moja inaweza kuwa na umri wa aina tatu: siku ilipopigwa picha, siku ilipochapwa, siku ilipotumwa. Wengi husoma ule wa mwisho kwa sababu ndio ulioandikwa.

Mzee alitaja shilingi 60,000. Tukanywa kahawa, tukazungumza habari za baba yake aliyepanda gari la moshi la Bububu utotoni, tukarudi kwenye bei, tukamalizana kwa 45,000. Ningetoa hata zaidi, na nadhani alijua.

Jumamosi: Mtoni, na Maruhubi tena

Asubuhi nilikwenda Mtoni, mbele kidogo ya Maruhubi kwenye barabara ile ile. Ni kasri kongwe zaidi, la Sayyid Said bin Sultan, lililoanza kujengwa mwaka 1828. Hapo ndipo alipozaliwa Sayyida Salme tarehe 30 Agosti 1844, aliyekuja kuitwa Emily Ruete na kuandika maisha yake kwa Kijerumani, yakachapwa 1886. Ameueleza ua ule na tausi wake, hamamu zake, na roshani ya mviringo juu ya bahari alipokuwa baba yake akitembea huku na huko. Mtoni hauhitaji postikadi kama Maruhubi inavyohitaji, kwa sababu kuna mtu aliyeishi humo akaandika. Wanawake wa Maruhubi hawakuacha maandishi tuyajuayo. Waliacha nguzo, na wageni wakaandika chini ya nguzo hizo majina waliyoyataka wao.

Nikashuka Maruhubi mchana. Nilikuwa nimeipiga Kadi C picha kwa simu, na usiku wa kuamkia leo nikafanya jambo moja: nikaigeuza picha, kushoto ikawa kulia.

Nikasimama upande wa kaskazini wa magofu, nikitazama kusini. Bahari mkono wa kulia. Ng'ambo ya ghuba, kwa mbali, mji. Kwenye picha iliyogeuzwa, bahari kulia, na pale ulipo mji ndipo lilipo lile doa lenye mabega. Ni jengo, paa na mnara wake, si mlingoti. Nguzo zikakaa moja baada ya nyingine bila kubishana. Kadi ilichapwa kinyume.

Sababu yake naifahamu. Kwenye kolotaipu karatasi hugusana na bamba moja kwa moja, kwa hiyo picha hujigeuza. Mchapaji hodari huanza na negativu iliyogeuzwa ili matokeo yawe sawa. Akisahau, au bamba la kioo likiwekwa uso chini, dunia nzima inahama upande, na hakuna Ulaya atakayejua kwamba bahari ya Unguja imepelekwa mashariki.

Kilichonikalisha chini kwenye mchanga ni kingine. Kwenye C kuna kipande cha ukuta kimesimama nyuma ya nguzo, na bado kina shimo la dirisha. Kwa kuwa picha ilikuwa kinyume, nilikuwa nikikitafuta ncha ya kusini. Sasa kimekwenda kaskazini, mahali ambapo kwenye Kadi A pana lundo la kifusi, na ambapo leo pana majani tu. C ni ya zamani kuliko A. Kadi ambayo wakusanyaji wengi wangeipitisha kwa kuwa picha yake haikubaliani na mahali, ndiyo inayoonyesha kasri likiwa karibu zaidi na moto wa 1899. Ukuta ule ulikuwa umesimama, halafu kabla ya mwaka 1903 kwisha ukawa umeanguka.

Nilikwenda kumwambia fundi. Mashua yake ilikuwa imeshatiwa kalafati upande mmoja. Akaitazama simu, akatazama nguzo, akanyoosha kidole mahali penyewe kabla sijamwonyesha.

Jumapili: kurudi

Mfuatano nimeuandika kwenye karatasi ya pembeni, si kwenye kadi: C kwanza, kisha A pamoja na nakala yake ya 1903, kisha D. B nimeiweka ubavuni mwa A, kwa sababu ni picha hiyo hiyo iliyovishwa rangi, ingawa mgongo wake ni wa miaka ya baadaye. D nayo ina kazi iliyobaki. Mti ule juu ya nguzo una ukubwa wa miaka mingi, na ningependa mtu ajuaye miti ya mizizi ya kuning'inia anitazamie.

Kuna kadi au picha ninayoitafuta kuliko zote: Maruhubi kabla ya 1899, ghorofa ya juu ipo, roshani zipo, imepigwa kutoka baharini. Albamu za familia za pwani, za Wagoa, za Wahindi, za Waarabu na za Waswahili wenyewe, zimekaa makabatini na hazijafunguliwa. Ukiwa na moja, usiivute kadi iliyogandishwa na gundi, iache ukurasani. Piga picha mbele na nyuma, hata kama nyuma hakuna kitu, maana hata mgongo mtupu una mstari au hauna. Na kama kuna mtu amesimama kwenye picha, waulize wazee jina lake kabla ya kuuliza jina la jengo.

Safari ijayo ni Chukwani, kusini mwa mji, kwenye kasri jingine la Barghash. Kadi zake ninazo, na kuna moja ambayo bahari yake imeshaanza kunitia shaka.